Pembe za Nyapara

Krrrrr, tik. Krrrrr, tik. Krrr, krrrrr, tik.

Lukresia aliusikia mlio huo akiwa bado kwenye ujia wa kantini, kikombe cha chai ya rangi mkononi, na kabla hajauona hata mlango wa Chumba cha Kompyuta alikwisha kujua mambo mawili. La kwanza, Muhidini alikuwa anachapisha programu yake. La pili, Nyapara alikuwa amepuuzwa tena.

Hakukuwa na uchawi hapo. Mashine ya kuchapa ya mgodi ilikuwa na kichwa kilichokimbia huku na huku juu ya karatasi. Mstari wenye maneno ulilia krrrrr. Mstari wenye alama moja tu ulilia tik, basi, kichwa kikarudi nyumbani. Programu za Muhidini zilijaa tik kama saa ya ukutani ya padri. Za Telesphori zilinguruma bila kituo, kama lori la pamba lililokatika breki. Mtu mwenye masikio aliweza kukaa kantini na kujua nani yuko kazini na nani anajifanya yuko kazini.

Mwaka ulikuwa 1987. Mgodi ule wa almasi, ambao jina lake tuliache lipumzike, ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa lori kutoka Songwa. Ulikuwa na kompyuta moja yenye skrini tatu, kiyoyozi kimoja kizima, na waandishi wa programu wawili ambao kila mmoja alijua kwa hakika kwamba mwenzake ni mjinga. Lukresia alikuwa wa tatu, ila hakuhesabiwa. Aliazimwa kutoka chumba cha wapiga taipu kwa miezi mitatu, miezi mitatu ikawa minane, na katika hiyo minane akajifunza kuandika programu kwa kusoma makaratasi ambayo wale wawili waliyatupa kapuni.

Kisha akamwandika Nyapara.

Nyapara alikuwa programu ambayo kazi yake ni programu nyingine. Unampa maandishi yako yaliyokaa shaghalabaghala, anayapanga: mstari uliopinda anaunyoosha, ulioachwa nyuma anausogeza, uliojazana anaukata. Jina alilitoa kwa wanyapara wa shimoni, wale wanaume wanaopita na tochi wakisema wewe simama hapa, wewe kaa pale, na nani kakwambia ufikiri. Meneja wa chumba, Bwana Pantaleo, alipoona kazi yake alivuta kiti akakaa kuitazama upya, na alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia Telesphori alilazwa hospitali ya Kolandoto wiki mbili kwa malaria, na programu yake ya kupanga zamu ikagoma. Muhidini alipoifungua aitengeneze, aliitazama, akaifunga, akasema macho yanamuuma. Watu mia mbili waliingia shimoni zamu moja, na zamu iliyofuata haikuwa na mtu hata wa kuwasha taa.

"Nataka programu zote za hapa zifanane kama sare za shule," Pantaleo alimwambia Lukresia. "Huyu Nyapara akianza kazi tarehe mosi Agosti, nakuandikia barua. Mwandishi wa programu, kwa jina lako kamili. Asipoanza, taipu yako iko palepale. Nimeona wameifunika kitambaa."

Lukresia naye alikiona hicho kitambaa. Kilikuwa na maua. Kila alipopita pale alikitazama kama mtu anavyotazama kaburi lililochimbwa kwa kipimo chake.

Na Nyapara angekuwa kazini tangu Mei, kama si pembe.

Lugha ya kompyuta waliyoitumia ilipenda mabano yaliyojikunja, moja la kufungua na moja la kufunga. Telesphori, mtoto wa Bukombe aliyejifunza kutunga mashairi mwenyewe bila mwalimu na bila aibu, aliyaita pembe, na jina likashika. Chukua zizi la ng'ombe. Mstari wa amri ni lango: ikiwa leo ni Jumatatu, fanya haya. Mistari inayofuata ni ng'ombe, nayo inasogezwa kidogo kuelekea kulia ili ionekane iko ndani ya zizi. Pembe ya kwanza inasema ng'ombe wanaanzia hapa, ya pili inasema wameishia hapa. Telesphori aliibandika pembe ya kwanza mwishoni mwa mstari wa lango, palepale juu. Muhidini aliishusha ikakaa peke yake kwenye mstari wake, chini ya lango, ikitazamana na ya kufunga. Kompyuta yenyewe haikujali. Ungezitundika pembe darini, ingefanya kazi ileile. Ndiyo maana watu waligombana kufa na kupona.

Lukresia aliingia, akaweka kikombe.

"Kaka Muhidini, mbona programu yako hujampitishia Nyapara?"

Muhidini alikuwa kijana wa Shinyanga mjini, mtoto wa wenye duka la vitambaa, shati lake likipigwa pasi hata upande wa ndani. Hakugeuka.

"Nimempitishia, dada. Asubuhi saa mbili. Akanirudishia pembe zimepandishwa juu ya lango kama popo. Kuna mtu kaigusa ile namba."

Namba hiyo ndiyo iliyokuwa kosa la Lukresia. Kwa kutaka amani, aliweka tarakimu moja juu kabisa ya Nyapara: ikiwa sifuri, pembe zinakaa alivyotaka Telesphori, ikiwa moja, alivyotaka Muhidini. Tangu Jumatatu tarakimu hiyo ilikuwa imebadilishwa mara kumi na nne, na leo ilikuwa Jumatano tu.

"Mtu gani kaigusa?" aliuliza.

"Mtu mwenye akili," alijibu Telesphori nyuma ya skrini yake.

"Mwenye akili hatoki Bukombe," alisema Muhidini.

"Mwenye akili hamalizi karatasi za mgodi kwa kuchapa pembe mojamoja! Programu yako ya bohari ina kurasa arobaini. Nimeihesabu. Mimi ningeiandika kwa thelathini na moja, na nafasi ya kusaini ikabaki. Karatasi zenyewe tunaletewa kama sukari, kwa kupangiwa, halafu wewe unatandika pembe moja, mstari mzima, kama bwana harusi kitandani anamngoja bibi."

"Na za kwako nani anazisoma? Hata wewe huzisomi. Pembe imejificha mwisho wa mstari, unaitafuta kama chawa. Yangu ukiweka rula tu, ya kufungua hii hapa, ya kufunga ile pale. Mlango una miimo, Telesphori. Nyumbani kwenu mnaingilia dirishani?"

Telesphori alisimama. Alipokuwa anasimama hivyo, kidevu mbele na mkono kifuani, watu wa chumba kile walijua kuna shairi linakuja na hakuna pa kukimbilia.

"Pembe huota kichwani, ndiko Mungu kaziweka,
Muhidini wa mjini, chini amezitandika,
Ng'ombe wake masikini, kwa aibu anacheka,
Karatasi mashakani, bure zinateketeka!"

"Ng'ombe anacheka?" alisema Muhidini. "Umeona wapi ng'ombe anacheka?"

"Akikuona wewe."

Muhidini alirusha rula. Rula ilimkosa Telesphori, ikampata Bwana Pantaleo, aliyekuwa anafungua mlango.

Pantaleo aliiokota rula, akaitazama sentimita kwa sentimita. Alikuwa mtu mnene, mpole, karibu na kustaafu. Ujanani mwake alicheza ngoma za mashindano za Kisukuma upande wa Bagika, wakipambana na Bagalu: makundi mawili yanacheza siku moja, uwanja mmoja, kila moja na nyimbo zake za kumtukana mwenzake, na hakuna mwamuzi ila miguu ya watazamaji. Wanakokimbilia watu, huko ndiko kwenye ushindi.

"Nimeita mikutano mingapi ya pembe?" aliuliza.

"Sita, bosi," alisema Lukresia.

"Sita. Nimeandikiwa barua na watu wazima wawili, wenye wake, kuhusu pembe. Sasa sikilizeni. Jumamosi hii, saa tisa, uwanja wa mpira. Wewe lete ngoma yako goli la huku. Wewe lete yako goli la kule. Mtaimba, mtatukanana, mtafanya mnavyojua. Mimi nina filimbi. Nitakapopuliza, watu watahesabiwa pale walipo. Mwenye watu wengi ndiye Nyapara atamfuata, milele na milele. Lukresia atahesabu, maana yeye hana upande."

"Bosi," alisema Muhidini, "wachimbaji hawajui pembe ni kitu gani."

"Hata mimi sijui. Na kama baada ya hapo nitasikia ninyi wawili mnagombana tena, hata kwa kunong'ona, namfuta Nyapara, na Lukresia anarudi kwenye taipu. Nimechoka."

Akaondoka na rula.

Lukresia alibaki amesimama. Wale wawili walikwisha kugeukiana na kuanza kubishana goli lipi lina jua la usoni. Hakuna aliyemtazama. Kazi yake ya miezi minane ilikuwa imewekwa uwanjani kama mbuzi wa zawadi, na hao wawili walizungumzia jua. Na tangu mkutano wa kwanza hadi wa sita, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye, aliyemwandika Nyapara kwa vidole vyake, angependa pembe zikae wapi.

*

Kufika Ijumaa mgodi mzima ulikuwa unazungumzia pembe. Kule kwenye mashine za kuchambulia almasi walisema ni pembe za ndovu na kuna kesi. Shimoni walisema ni dawa. Mpishi wa kantini alimwambia Lukresia, kwa siri kubwa, kwamba Telesphori na Muhidini wanagombea mwanamke mmoja, na huyo mwanamke ana pembe.

Telesphori alikwenda kwao kwa basi, akarudi na Mageni na kundi lake la wacheza nyoka. Mageni alikuwa mzee mkavu mwenye meno machache na chatu mmoja wa futi kumi na mbili, aitwaye Karani, kwa sababu alimeza kisha akalala. Muhidini naye alipanda lori kwenda mjini akamleta shangazi yake, Mwahija, mwanamke wa kifua kipana na sauti pana zaidi, pamoja na wanawake wanane wa kikundi chake, ngoma nne, na masufuria mawili ambayo alikataa kusema ni ya nini.

"Shangazi ni mtu wa ngoma," Muhidini alieleza.

"Na masufuria?"

"Ni ya kutia uzito."

Jumamosi saa tisa kamili Lukresia alipanda juu ya trela ya trekta iliyoegeshwa katikati ya uwanja, kwenye mstari wa kugawa, akiwa na daftari na kalamu mbili. Pantaleo alisimama chini yake, filimbi shingoni, kofia kichwani, uso wake ukiwa na furaha ambayo hakuwahi kuionyesha ofisini. Watu walikuwa wameanza kumiminika tangu saa saba: wachimbaji na wake zao, walinzi walioacha lango, wakulima wa vijiji vya jirani waliosikia kuna ngoma. Lukresia alikadiria mia sita, kisha akaacha kukadiria.

Ngoma za Mageni zilianza. Karani akatolewa kwenye sanduku, akavishwa shingoni kama skafu, watu wakapiga yowe la raha, na mia sita wote wakakimbilia goli la Telesphori. Telesphori alipanda juu ya gogo akaimba shairi lake la ng'ombe anayecheka. Hakuna aliyeelewa neno, lakini aliimba vizuri, na mzee aliyembusu chatu mdomoni alimsaidia sana.

Kule goli la pili Muhidini alibaki na mbwa wawili na mtu mmoja mlevi.

"Shangazi," alisema.

"Tulia, mwanangu," alisema Mwahija. Akafunua masufuria.

Harufu ya pilau ilivuka uwanja taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye cheo. Mwaka ule mchele ulikuwa haujazoea kuonekana hadharani. Lukresia aliona vichwa vikigeuka, kwanza vya safu ya nyuma, kisha vya katikati, kisha hata mpiga ngoma mmoja wa Mageni. Wanawake wa Mwahija wakaanza kupiga, na sauti yao ikasikika hadi kwenye mashine za kuchambulia:

"Mlango una miimo, miwili ya kutazama,
Wewe wako una shimo, mbuzi wote wamehama!"

Watu wakahama kweli. Mia, mia mbili, mia tatu. Lukresia aliandika, akafuta, akaandika. Pantaleo aliiweka filimbi mdomoni, akasubiri, akifurahia mambo yalivyokaa nusu kwa nusu.

Telesphori alimwona akiiweka filimbi mdomoni. Akaruka kutoka kwenye gogo.

"Mzee Mageni! Mpeleke Karani kule! Wakimwona karibu na masufuria watarudi huku mbio!"

"Karani hapelekwi kwenye chakula cha watu," alisema Mageni. "Amechoka. Nimemrudisha sandukuni."

"Basi nitampeleka mimi!"

"Wewe kijana..."

Lakini Telesphori alikwisha kulibeba sanduku kichwani, akakimbia. Alikimbia vizuri pia, lazima tuseme, akiwa bado anaimba, kidevu mbele, na kwa kuwa kidevu kilikuwa mbele hakuiona kamba waliyofunga wanawake wa Mwahija kutenga jiko lao. Mguu ulinasa. Sanduku lilikwenda peke yake hatua nne zaidi, likatua kwa kona, kifuniko kikafunguka.

Karani alitoka. Hakuwa na hasira. Alinyooka, akatazama huku na huku, kisha akaanza kutambaa kuelekea kwenye kivuli, na kivuli kilichokuwa karibu kilikuwa cha meza ya pilau, na chini ya kivuli hicho kulikuwa na miguu ya watu mia tatu.

"Nzoka! Nzoka!"

Lukresia alikuwa hajawahi kuona watu wakikimbia namna hiyo, wala hakupenda kuona tena. Walikimbia na sahani. Walikimbia na viatu vya wenzao. Na kwa kuwa uwanja wa mpira ni mahali tambarare pasipo mti wala ukuta, kila mtu, awe wa goli la huku au la kule, alielekea kwenye kitu kimoja tu kilichoinuka kutoka ardhini, nacho kilikuwa trela yake. Walipanda kwa magurudumu, walipanda kwa bomba la moshi la trekta, walipanda juu ya wenzao. Waliokosa nafasi waliizunguka wakajibana, mduara mnene wa watu mia sita na ushee, na wote wakamwinulia Lukresia macho kana kwamba yeye ndiye aliyeweka nyoka duniani.

Bwana Pantaleo alipanda wa mwisho. Walimvuta wachimbaji watatu, mmoja kwa kila mkono na wa tatu kwa mkanda wa suruali. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwake, na yeye alikuwa anahema, na kila alipohema filimbi ililia. Fiii. Fiii. Fiiii.

Watu wote wakageuka kumtazama.

Kule mbali Muhidini alikuwa amekaa juu ya mwamba wa goli, miguu ameikunja. Telesphori alikuwa amelala chini palepale alipoangukia, vumbi mdomoni. Mageni alikuwa anamwendea chatu wake akimwita kwa jina, bila haraka. Zaidi ya hao watatu, hakukuwa na binadamu popote uwanjani ila kwenye trela na kandokando yake.

Lukresia alitazama daftari lake. Akatazama watu. Akafungua ukurasa mpya.

"Bosi," alisema, "hiyo ilikuwa filimbi?"

Pantaleo alijaribu kusema. Fiiii, ikalia filimbi.

"Nimesikia," alisema Lukresia. Akainua sauti. "Ninyi mmesikia?"

"Tumesikia!" wakajibu watu, ambao wakati huo wangekubali lolote alimradi wasishushwe.

"Bosi alisema filimbi ikilia, watu wahesabiwe walipo. Kaka Telesphori, una watu wangapi?"

Telesphori alijiinua kwa viwiko. "Walikuwa kwangu! Chatu ni wangu! Kama wamekimbia, wamekimbia kwa sababu yangu!"

"Walikuwa kwangu!" alipiga kelele Muhidini kutoka juu ya goli. "Waulize wamekula nini!"

"Sikuuliza walikuwa wapi," alisema Lukresia. "Wako wapi?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na sahani ya pilau mkononi, aliyekuwa amesimama kwenye gurudumu, alimvuta sketi.

"Mayu, mama," alisema, "hizi pembe mnazoimba tangu mchana ni za ng'ombe wa nani?"

Watu wakacheka, kisha wakatega masikio wasikie jibu, na Lukresia akagundua kwamba kwa siku nne za uvumi na matusi hakuna mtu aliyewaeleza. Akawaeleza. Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kisukuma, akachora zizi kwa mikono yake hewani: lango hapa, ng'ombe pale ndani. "Huyu aliye chini anasema pembe ibaki getini, juu. Yule aliye golini anasema ibaki getini, chini. Wiki nzima wanatukanana. Mimi nawauliza ninyi wafugaji: ng'ombe akiingia zizini, pembe zake zinabaki getini?"

"Aaa!" walisema watu mia sita. "Zibaki vipi?"

"Basi. Tangu leo pembe zinaingia ndani pamoja na ng'ombe. Zote mbili. Ya kufungua na ya kufunga zinasogezwa kulia, zinasimama mstari mmoja na kundi lao. Ndivyo ninavyoandika mimi kwenye daftari langu, na ndivyo Nyapara atakavyofuata."

"Hakuna mtu duniani anayeandika hivyo!" alilia Telesphori.

"Ni makosa ya macho!" alilia Muhidini.

Pantaleo hatimaye aliitema filimbi. Alitazama trela iliyojaa, akatazama goli moja, akatazama la pili. Kwa mtu aliyecheza ngoma ujanani, hesabu ile haikuhitaji daftari.

"Watu wako kwake," alisema. "Mageni! Umemkamata huyo mdudu au nilale humu?"

*

Jumapili baada ya misa Lukresia alikaa mbele ya skrini kwa muda wa saa saba akimfundisha Nyapara pembe mpya. Ile tarakimu ya sifuri na moja aliifuta kabisa. Jumatatu asubuhi programu zote za mgodi, za zamu, za bohari, za magari, zilitoka kwenye mashine zimevaa sare moja, na sare yenyewe haikumpendeza mtu yeyote ila yeye.

Saa nne wale wawili waliingia ofisini kwa Pantaleo pamoja. Jambo hilo peke yake lilimfanya meneja aweke kalamu chini. Lukresia aliitwa, akasimama karibu na mlango. Barua yake ilikuwa juu ya meza, imechapwa, haijasainiwa. Aliweza kuisoma kichwa chini miguu juu.

"Mmegombana?" aliuliza Pantaleo.

"Hapana, bosi," alisema Muhidini.

"Hata kwa kunong'ona?"

"Tumekubaliana kila kitu," alisema Telesphori, na kidevu kikaenda mbele. "Tumekaa jana pamoja, nyumbani kwa mwenzangu, tukala pilau iliyobaki. Tumeandika barua hii, kurasa tatu, sahihi mbili. Tunasema pembe za huyu dada ni chukizo. Muhidini kaandika hoja, mimi nimetia ubeti:

Nyapara kapata mama, pembe kazitia ndani,
Tumekaa twainama, twazitafuta gizani..."

"Mmeandika pamoja," alisema Pantaleo polepole.

"Pamoja."

"Na programu ya Telesphori, Muhidini, umeisoma leo?"

Muhidini alisita. "Nimeisoma. Ilibidi, ili nione ubaya wake. Mstari wa mia mbili na kumi amekosea, Jumapili anaihesabu mara mbili."

"Na ya kwake mimi nimesoma," alisema Telesphori. "Imekaa vibaya vilevile. Nimeielewa yote."

Pantaleo alichukua kalamu, akaivuta ile barua iliyochapwa, akasaini. Kalamu ilikwaruza, na Lukresia akaachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu mwezi Mei.

"Bosi!" alisema Telesphori. "Hatujamaliza!"

"Mmemaliza. Nilisema msigombane ninyi wawili. Kugombana na yeye sikukataza." Akamkabidhi Lukresia barua. "Hongera, mwandishi wa programu. Ondokeni wote, mnanitia joto."

Nje, kwenye ujia, Telesphori alimzibia Lukresia njia. Muhidini alisimama ubavuni pake kama shahidi wa ndoa.

"Unajua umeshinda kwa nyoka," alisema Telesphori.

"Nyoka alikuwa wako."

"Nitaandika Nyapara wangu mimi. Bora kuliko huyo wako. Muhidini atanisaidia."

"Nitamsaidia," alisema Muhidini, akionekana kushangaa kujisikia akisema.

Lukresia aliikunja barua mara mbili, akaitia kifuani ndani ya blauzi. Alimtazama Telesphori usoni, palepale kwenye kidevu.

"Mwandike," alisema. "Mlete mbele ya bosi, mbele ya Mwahija, mbele ya mgodi mzima. Akimshinda wangu kwa kazi, siyo kwa kelele, nitamfuta Nyapara kwa vidole vyangu hivi, na nitakaa kwenye ile taipu yenye kitambaa cha maua nikuchapie mashairi yako yote, moja baada ya jingine, mpaka ustaafu. Nakuahidi, Telesphori. Na Muhidini amesikia."